Nasaba Iliyofichwa: Watoto wa Kulelewa na Utafutaji wa Asili katika Milima ya Upare

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha katika wilaya za Same na Mwanga anayajua majina haya, kwani huyaita kila asubuhi aandikapo mahudhurio: Msuya, Mshana, Mfinanga, Msangi, Mbwambo, Mmbaga. Mgeni hudhani kuwa ni majina ya baba tu. Kumbe ni majina ya koo, na wanafunzi wanne wenye jina moja darasani huenda wasijuane kabisa nyumbani. Kwa sababu hiyo, mtu aliyelelewa mbali, ambaye hakupata chochote kutoka kwa waliomzaa ila jina la Mfinanga, ameshika jambo kubwa na dogo kwa wakati mmoja. Anajua ametoka milima ipi. Hajui ni wa mlango upi, wala ni wa tumbo la nani.

Katika insha hii tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo vitabu vyetu vya historia hulitaja kwa nadra, nalo ni jinsi asili ya mtoto aliyelelewa na wasiomzaa ilivyohifadhiwa, ilivyofichwa na ilivyotafutwa. Tumechagua Upare kwa kuwa huko kumbukumbu za ukoo zilikuwa na nguvu, na juu yake yakaja madaftari ya dini mbalimbali na ya serikali, kila moja likiandika mtoto kwa namna yake.

Yafaa tuanze na ukoo. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, alipokusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare, kilichotolewa mwaka 1969, hakuwa na maandishi ya kutegemea kwa sehemu kubwa ya karne alizozichunguza. Alichokuwa nacho ni nasaba zilizotamkwa na wazee: fulani alimzaa fulani, akahamia mahali fulani, akagawanyika na nduguye. Alizilinganisha nasaba za koo mbalimbali, akahesabu vizazi, na hivyo akaweza kueleza, kwa mfano, jinsi Washana wahunzi walivyotawala Ugweno hata Wasuya walipowanyang'anya madaraka. Kumbukumbu hizo hazikukaa vichwani tu. Koo zilikuwa na misitu yake mitakatifu, iitwayo mpungi, ambamo mafuvu ya wazee yalitunzwa na matambiko kufanywa. Mtu aliyejua mpungi wa kwao alijua pa kupeleka maneno yake siku ya shida. Asiyeujua alikuwa kama mtu mwenye barua isiyo na anwani.

Lakini nasaba si picha ya damu. Ukoo uliweza kumpokea mgeni: mateka, yatima, mtoto aliyeachwa wakati wa njaa, au mtoto wa mjane aliyeolewa upya. Mtoto huyo alilishwa, akapewa jina, akapelekwa jandoni pamoja na wenzake, akagawiwa shamba. Baada ya vizazi viwili au vitatu wajukuu zake walitajwa katika nasaba kama wengine, na kumwita mmoja wao mtu wa kuja lilikuwa tusi zito. Wanahistoria wanaochunguza nasaba za Afrika wamelikuta jambo hili mahali pengi, na mara nyingi hulitaja kama kasoro ya masimulizi, kwa maana linawaharibia hesabu. Sisi tunaliona kuwa ni kazi ya nasaba yenyewe. Ukoo ulimkaribisha mtoto kwa kusahau alikotoka. Hata hivyo haukusahau wote: walibaki wazee wachache waliojua, nao walinyamaza kwa makusudi.

Ukimya huo ulikuwa na siku ya kuvunjwa, nayo ni siku ya posa. Kijana alipotaka kuoa, wazee wa pande mbili waliulizana koo, za kuumeni na za kukeni, ili ndugu wasije wakaoana pasipo kujua. Hapo mzee aliyejua kuwa baba wa kijana aliletwa mtoto kutoka nyumba fulani ya Gonja alilazimika kusema, ingawa kwa kunong'ona, na kwa wale tu waliohusika. Siri ilikuwa na mlinzi wake, na mlinzi alijua wakati wa kuifungua.

Katika karne ya kumi na tisa watoto wengi mno walitoka milimani pasipo mlinzi wa namna hiyo. Njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya milima ya Upare, na Kisiwani, upande wa mashariki wa Upare Kusini, palikuwa mojawapo ya vituo vyake. Misafara iliyotafuta pembe ilinunua pia watu. Kisha ikaja miaka mibaya: sotoka iliyoteketeza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige, na ile njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900 iliyozikumba nchi zote za kaskazini-mashariki. Njaa ilipozidi, mzazi katika nchi hizo aliweza kumweka mtoto rehani kwa mwenye chakula, akitumaini kumkomboa mvua zikirudi. Wengine walikomboa. Wengine walikufa kabla ya mvua, au walirudi wakakuta mwenye chakula naye amekwisha kumtoa mtoto kwa msafara. Mtoto wa rehani ndiye aliyeingia utumwani akiwa na wazazi waliokusudia kumrudia, na kwa maoni yetu hakuna hali iliyo chungu kuliko hiyo katika habari hizi zote.

Walikuwako pia waliotupwa kwa ajili ya imani. Kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, alihesabiwa kuwa mkosi katika jamii nyingi za nchi hizi, na Wapare walikuwa miongoni mwao. Karibu na Mbaga upo mwamba uitwao Malameni, ambao masimulizi ya mahali hapo huuhusisha na kuuawa kwa watoto. Aliyenusurika kwa kupewa watu wa mbali hakuwa na sababu ya kutafutwa na kwao, na pengine kwao walikuwa na sababu ya kutotaka aonekane.

Waliofika pwani wakakombolewa waliandikwa. Baada ya mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka kijiji cha waliokombolewa Bagamoyo. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na Mbweni na Kiungani katika Unguja. Na Waanglikana wa C.M.S. walianzisha Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875. Mwandishi wa misheni alimwuliza mtoto jina lake, kabila lake na jina la kwao, kisha akaandika alivyosikia. Mtoto wa miaka saba alijua jina la mto wa kwao na jinsi mama yake alivyoitwa, lakini mara nyingi jina hilo lilikuwa neno tu la kumaanisha mama. Kisha akabatizwa, akapewa jina la mtume au la mfadhili wa Ulaya, na jina la kwanza likafifia. Hata hivyo wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe habari za makwao na za kutekwa kwao, zikachapishwa mwaka 1887 chini ya uhariri wa A. C. Madan. Naye James Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotolewa mwaka 1934 na ambacho wanafunzi wetu wengi wamekisoma, ili vizazi vya mji ule visikose kabisa habari za walikotoka wazee wao.

Waliopelekwa mbali zaidi hawakuandikwa na mtu, na bado upo mfano mmoja wa ajabu. Wazigua, majirani wa Wapare upande wa kusini-mashariki, walikumbwa na njaa katika miaka ya 1830, na wengi wao wakaishia katika utumwa wa pwani ya Somalia. Waliotoroka walifanya makao katika bonde la mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakafika Handeni, na mwaka 2003 wakawekwa katika makazi ya Chogo. Hawakuwa na cheti chochote. Walikuwa na lugha, nayo ikatosha kuwatambulisha kwa wenyeji kuwa ni watu wao, ingawa haikumwonyesha mtu nyumba aliyotoka babu wa babu yake.

Turudi Upare. Madaftari yalipanda milimani pamoja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900 na baadaye Upare Kusini. Waadventista walianza kazi yao Giti mwaka 1903. Mtafutaji wa asili hana budi kujua tofauti ya vitabu vyao. Kitabu cha ubatizo cha Walutheri, kama kile cha Wakatoliki waliokuja baadaye, humwandika mtoto mchanga, pamoja na wazazi wake, wadhamini wake na kijiji chake. Mtoto akichukuliwa na walezi akiwa na miaka mitatu, habari ya waliomzaa imekwisha kuandikwa. Waadventista hawabatizi watoto wachanga. Kitabu chao humwandika mtu aliyekwisha kukua, naye hutaja wazazi anaowajua, yaani pengine wale waliomlea. Kwa hiyo vitabu viwili vya mlima mmoja vyaweza kumtaja mtu mmoja kwa wazazi mbalimbali, na vyote viwili vikasema kweli.

Waislamu wa Upare nao wana njia yao. Sheria ya Kiislamu yasifu sana kumlea yatima, ila hairuhusu nasaba ya mtoto ibadilishwe: huitwa kwa jina la babaye mzazi, na mlezi akitaka kumwachia mali humwusia, kisichozidi theluthi. Mtoto wa kulelewa katika nyumba kama hiyo huenda akakosa urithi, lakini hapotezi jina. Wengine huiona sheria hii kuwa ngumu. Sisi twaona kwamba imelinda kitu ambacho wengine walilazimika kukitafuta baadaye kwa gharama kubwa.

Serikali ilichelewa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikumlazimisha Mwafrika, na ulazima ulienea polepole, wilaya kwa wilaya, baada ya uhuru. Ndiyo maana kwa wazee wengi wa Same kitabu cha parokia au cha usharika ndiyo hati ya kwanza ya maisha yao. Kuhusu mtoto wa kupanga, au kama tusemavyo sasa, mtoto wa kuasiliwa, Tanganyika ilipata sheria katika miaka ya 1950, nayo ilifuata mfano wa Uingereza, ambako sheria ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1926. Mfano huo ulikuwa wa kufunga. Mtoto hupata cheti kipya chenye majina ya wazazi wapya, na uzi unaounganisha cheti kipya na kile cha zamani huhifadhiwa mahali asipofika kila mtu. Nia haikuwa mbaya. Ilikusudiwa kumwondolea mtoto aibu, kumpa mama aliyemzaa nafasi ya kuanza upya, na kuwaondolea walezi hofu ya kunyang'anywa mtoto. Uingereza yenyewe iligeuka mwaka 1975, ilipowaruhusu walioasiliwa, wakifika miaka 18, kuona kumbukumbu za kuzaliwa kwao. Na kwa kuwa mama wa zamani walikuwa wameahidiwa siri, walioasiliwa kabla ya sheria hiyo walitakiwa kwanza kuzungumza na mshauri.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayotumika. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na Msajili Mkuu huweka rejista ya walioasiliwa, ambayo viungo vyake na daftari la vizazi havifunguliwi ila kwa amri ya mahakama. Sheria hiyo humtaka mzazi aliyeasili amweleze mtoto asili yake, kama ni kwa manufaa yake na kama amefikia miaka 14, na haimruhusu mtu mwingine kumtangulia. Tazama jinsi ilivyokaribia desturi ya wazee: siri, mlinzi wa siri, na wakati wa kuifungua. Tofauti ni kwamba mzee wa ukoo alikuwa na wenzake waliojua. Mlezi wa leo huenda akafa na siri yake, na aliyebaki hajui hata kuwa ana jambo la kuiuliza mahakama.

Watoto wengi wa Upare, lakini, hawakupita mahakamani hata kidogo. Walichukuliwa na shangazi, na bibi, na mwalimu aliyehamishwa, au na mfanyakazi wa mkonge kule Tanga, kwa maneno ya mdomo tu. Mtu wa namna hii akianza kutafuta, rejista ya Msajili Mkuu haina la kumwambia. Njia yake ni ya kurudi nyuma hatua kwa hatua: kitabu cha shule aliyoanza darasa la kwanza, kitabu cha ubatizo kama kipo, jina la mdhamini, kijiji cha mdhamini, kisha kupanda mlima kwa miguu kuuliza. Huko juu maandishi hukoma na masimulizi huanza. Jina la ukoo humpeleka kwenye bonde. Jina la babu, ambalo huenda alirithishwa mwenyewe kwa kuwa Wapare huwapa watoto majina ya babu na bibi zao, humpeleka karibu na mlango.

Mlangoni nako kuna mtu. Mama aliyemtoa mtoto akiwa msichana amekwisha kuolewa, ana watoto wengine, na mumewe pengine hakuambiwa neno. Mgeni anayebisha hodi ana haki ya kujua alikotoka, haki iliyotajwa pia na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mama naye ana nyumba ambayo neno moja laweza kuivunja. Zamani mgeni hakubisha mlango huo. Alikwenda kwa mzee wa ukoo, akaeleza shida yake, na mzee akaenda peke yake jioni kwa mama, akarudi na jibu, au na siku ya kukutana mahali pengine. Njia hiyo bado ipo, na tunawashauri wanaotafuta wasiiruke kwa haraka yao.

Lakini wazee hao wanapungua, na posa nyingi siku hizi hujadiliwa Dar es Salaam au Arusha, kati ya familia zilizokutana mwaka huo huo. Kijana hutaja kuwa ni Mfinanga, binti hutaja kuwa mama yake ni Mfinanga vilevile, watu hucheka kwamba wamekutana ndugu, kisha mazungumzo huendelea kwenye mahari, kwa kuwa katika chumba kile hapana aliyejua cha kuuliza zaidi.