Usingizi na joto la usiku katika pwani ya Afrika Mashariki

Joto la usiku huharibu usingizi kwa kuuzuia mwili kutoa joto lake wakati wa kulala. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, taabu hiyo huzidi kati ya Desemba na Machi, msimu wa kaskazi. Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzijoto 32 hivi za Selsiasi mchana, na usiku haziteremki sana chini ya 25. Kusi ikishashika, usiku wa Julai hushuka hadi karibu 19 na watu hutafuta shuka. Nyuzijoto 25 zenyewe si nyingi. Kinachochosha ni unyevu wa bahari unaoandamana nazo: hewa huwa nzito, jasho halikauki, na chumba chote hujaa fukuto.

Mwili na usingizi

Joto la ndani la mwili hukaa karibu na nyuzijoto 37, lakini halitulii mahali pamoja siku nzima. Hupanda jioni, huanza kushuka kabla ya saa ya kulala, na hufika chini kabisa alfajiri, kwenye saa kumi hivi, likiwa limepungua kwa karibu nyuzijoto 1. Usingizi huja wakati joto hilo linashuka. Mishipa ya damu ya viganja na nyayo hutanuka, damu yenye joto husogea karibu na ngozi, na joto hutoka nje. Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walionesha mwaka 1999 kwamba nyayo zikipata joto usingizi huwahi kuja.

Hewa ya chumba ikiwa ya moto na tulivu, ngozi haina pa kulipeleka joto. Hubaki njia ya jasho, nalo hupoza pale tu linapokauka. Hapo mtu huchelewa kulala, huamka mara kwa mara, na usingizi mzito hupungua. Usingizi wa ndoto huathirika kwa namna ya pekee, kwa sababu katika kipindi hicho mwili karibu huacha kujirekebisha joto. Sehemu kubwa ya usingizi huo huja mwishoni mwa usiku, kwa hiyo anayeamshwa na joto saa tisa za usiku hupoteza fungu lenye ndoto nyingi kuliko yote.

Mwaka 2022 Kelton Minor na wenzake walichapisha uchambuzi wa usingizi wa watu zaidi ya 47,000 katika nchi 68, waliopimwa kwa bangili za mkononi. Usiku ambao joto la nje halikushuka chini ya nyuzijoto 30, watu walipoteza kwa wastani dakika 14 hivi za usingizi. Wazee, wanawake na wakazi wa nchi zenye kipato cha chini walipoteza zaidi. Pwani yetu usiku wa nje haufiki huko, lakini vyumba vingi vya mjini hufika.

Vitabu vya afya hurudia mara nyingi kwamba chumba cha kulala kiwe cha nyuzijoto 18 hadi 20. Ushauri huo umetoka nchi za baridi, kwa watu wanaolala chini ya mablanketi mazito, na haufai kuwa kipimo cha Tanga wala Malindi. Asiyejifunika huweza kulala vizuri katika hewa ya karibu nyuzijoto 29, ikiwa unyevu si mwingi.

Nyumba

Nyumba za kale za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene kiasi cha nusu mita hivi. Ukuta wa namna hiyo hupata moto polepole. Kiwanda, yaani ua ulioachwa wazi katikati ya nyumba, hutoa hewa ya moto kuelekea juu, na nyumba zilizopakana na vichochoro vyembamba hutiana kivuli mchana kutwa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa, ila dari zake ni za juu, na joto hupanda mbali na kitanda. Huko Lamu wengi huezeka chumba cha makuti juu ya sakafu ya paa ili wapate upepo wa bahari. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti hufanya vizuri vilevile, maana makuti hayahifadhi joto na hewa hupenya kati yake.

Bati huwaka mchana na kupoa haraka jua likizama. Zege ni kinyume chake. Ukuta wa tofali za saruji na slabu ya juu hunywa joto la jua tangu asubuhi, kisha hulirudisha ndani kuanzia saa tatu au nne za usiku, wakati huohuo watu wanapoingia kulala. Ndiyo maana chumba cha ghorofa ya juu kabisa huweza kuwa cha moto kuliko uani hata saa sita za usiku. Upepo ungeweza kulitoa joto hilo, lakini unahitaji mahali pa kuingilia na pa kutokea. Chumba cha kupanga chenye dirisha moja hakina njia hiyo, na dirisha lenyewe hufungwa kwa kuogopa wezi. Zamani mafundi waliacha matundu juu ya ukuta, chini ya dari, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Siku hizi matundu hayo huzibwa kwa plasta ili ukuta upendeze. Hilo ni kosa la ujenzi, na wenye nyumba hulilipia kila kaskazi inapoingia.

Mti nao husaidia. Mwarobaini au mwembe uliopandwa upande wa magharibi hukinga ukuta na jua la alasiri, lile linalobaki ndani hadi usiku.

Chandarua

Hapa ndipo suala la joto linapogusa uhai. Chandarua hukinga mbu wa malaria, lakini hupunguza upepo unaomfikia aliyelala, na uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba kero ya joto ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi na watu wenye chandarua wasiokitumia. Kumwambia mtu avumilie hakutoshi; nyumba ndiyo inayopaswa kubadilika. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na madirisha ya nyavu, baadhi zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba ndani yake kulikuwa na ubaridi zaidi, na mbu wachache sana, kuliko nyumba za kawaida za kijijini. Kazi hiyo ikaendelezwa mkoani Mtwara kwa nyumba 110. Kwa asiyejenga upya, wavu wa dirishani ulio mzima humwezesha kuacha dirisha wazi usiku kucha, chandarua kikiwa kimeshuka na feni ikikipulizia kutoka ubavuni.

Feni, kiyoyozi na maji

Feni haipozi hewa. Huondoa hewa yenye unyevu iliyoigandama ngozi, jasho likakauka. Kwa pwani, hiyo ni njia nafuu na yenye nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema feni itumike joto likiwa chini ya nyuzijoto 40, maana likizidi hapo feni humzidishia mtu joto. Usiku wa Mombasa hauko karibu na kiwango hicho. Ghuba ni habari nyingine: huko Quriyat, Oman, mnamo Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzijoto 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwamo.

Mwenye kiyoyozi akiweke kwenye nyuzijoto 27 na kuwasha feni pamoja nacho. Shirika hilohilo linashauri hivyo, na chumba huonekana cha baridi kwa nyuzijoto 4 zaidi bila bili ya umeme kupanda sana.

Maji hutumiwa vibaya mara nyingi. Maji ya barafu dakika za mwisho hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Bora kuoga saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa maji ya kawaida au ya vuguvugu. Kulowesha uso, mikono na miguu, kama afanyavyo anayetawadha kabla ya kulala, hupoza sehemu zilezile ambazo mwili hutolea joto. Umeme ukikatika, kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ikitandazwa kifuani karibu na dirisha, hufanya kazi nzuri.

Godoro la sponji hushika joto la mgongo. Mkeka wa ukindu juu yake, au kitanda cha kamba, hupitisha hewa chini ya mwili. Shuka na nguo za pamba hufaa kuliko za nailoni.

Walio hatarini

Jasho la usiku si la hewa siku zote. Likimlowesha mtu hata chumba kikiwa na ubaridi, akawa pia na kikohozi kisichokoma au anakonda, apimwe kifua kikuu. Akiwa na homa, apimwe malaria. Mtoto mchanga hawezi kujifunua, na joto kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Avikwe nguo moja nyepesi, asivalishwe kofia ndani, na joto lake liangaliwe kwa kumgusa kifua au kisogo, kwa sababu viganja vya mtoto hudanganya. Mzee anayeamka akiwa amechanganyikiwa, ngozi yake ikiwa ya moto, apozwe kwa maji na upepo papo hapo, na apelekwe hospitali usiku huohuo.