Joho la Askari Lililozaa Gauni

Wateja wangu wa Tandika wanaofuatilia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili huniletea picha kwenye simu: gauni lenye kola ya kupishana kifuani, kamba za kufungia ubavuni na marinda yanayoanzia kiunoni. Wengi huamini ni vazi la malkia wa zamani. Asili yake ni cheollik, joho la wanaume, na waliolivaa sana walikuwa maofisa wa jeshi. Mimi ni fundi cherehani, na picha ikifika mezani jambo la kwanza ni kutafuta mshono umepita wapi. Mshono wa gauni hili umetoka mbali.

Vazi la jadi la Korea huitwa hanbok. La mwanamke lina vipande viwili vikuu: jeogori, yaani blauzi ya juu, na chima, sketi pana ya kuzungushia mwilini. Michoro iliyomo kwenye makaburi ya ufalme wa Goguryeo, ya karne ya 4 hadi ya 6, inaonyesha jeogori ndefu ya kufika nyonga, imefungwa mkanda kiunoni. Katika enzi ya Joseon, iliyodumu kuanzia 1392 hadi 1897, blauzi hiyo ilipanda juu kizazi baada ya kizazi, na mikono ikabana. Mchoraji Shin Yun-bok alimchora mwanamke mmoja ambaye jeogori yake inaishia kifuani, huku sketi imevimba chini kama mtungi. Kufikia karne ya 19 blauzi ilikuwa fupi kiasi kwamba wanawake walijizungushia kitambaa kipana cheupe kuficha sehemu iliyobaki wazi.

Hapo fundi yeyote atauliza: uzito wa sketi unabebwa na nini? Chima haikai kiunoni. Inafungwa juu ya matiti kwa mkanda wa kitambaa, na ili isiteleze ni lazima mkanda ukazwe, kifua kibanwe, pumzi iwe fupi. Mwanamke aliyeshinda jikoni au shambani alibeba kero hiyo kutwa.

Ufumbuzi ulipatikana shuleni. Mwaka 1886 mmisionari Mmarekani, Mary Scranton, alianzisha shule ya wasichana ya Ewha mjini Seoul. Mwanzoni mwa karne ya 20, wasichana wa hapo walishonewa chima yenye kizibao juu yake badala ya mkanda mtupu. Uzito wote ukahamia mabegani. Sketi nayo ikafupishwa na kuzibwa kwa mshono, isifunuke mtu anapotembea au kukimbia. Yu Gwan-sun, mwanafunzi wa Ewha aliyefungwa kwa kudai uhuru wa Korea kutoka kwa Wajapani mwaka 1919 na kufia gerezani mwaka uliofuata, hukumbukwa akiwa na jeogori nyeupe na sketi nyeusi ya aina hiyo. Kwangu mimi hanbok ya kisasa ilizaliwa kwenye mabega hayo, miaka mingi kabla ya majukwaa ya mitindo.

Lakini kero ya kufua ilibaki. Nguo ya heshima ilifumuliwa mishono kwanza, ikafuliwa vipande vipande, ikatiwa wanga, ikalazwa juu ya jiwe na kugongwa kwa virungu viwili vya mbao hadi ing'ae, kisha ikashonwa upya. Kazi yote hiyo ilikuwa ya wanawake. Sishangai kwamba nguo za Kimagharibi zilipoenea baada ya vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, hanbok ilibaki ya harusi na sikukuu.

Aliyeipeleka mbali ni mbunifu Lee Young-hee, aliyefungua duka lake Seoul mwaka 1976 na kuonyesha kazi zake Paris mwaka 1993. Alithubutu kuivua jeogori kabisa, akaiacha chima peke yake, mabega wazi, kitambaa kikipepea. Nyumbani wapo waliolalamika. Mimi naona alifanya jambo la kifundi: aliacha kitambaa kishuke chenyewe.

Gauni la cheollik lilikuja baadaye, na mbunifu anayetajwa sana ni Kim Young-jin. Joho lenyewe liliingia Korea kutoka kwa Wamongolia enzi za Goryeo, kabla ya Joseon. Sehemu ya juu na ya chini hukatwa mbalimbali, kisha huunganishwa kiunoni kwa marinda, ili mpanda farasi apate nafasi ya kutanua miguu. Baadhi ya majoho yaliyosalia yana mkono wa kuvuliwa na kurudishwa. Yaani gauni lilikuwepo tayari, tena zima. Mbunifu alipandisha kiuno, akapunguza mikono, akafupisha sketi, akachagua pamba au kitani ya kufuliwa kwa mashine. Wengine wametia mifuko, kitu ambacho hanbok ya zamani haikuwa nacho.

Mwaka 2018 maofisa wa wilaya ya Jongno, Seoul, walipendekeza kwamba wanaovaa hanbok zilizogeuzwa sana wasiingie bure tena kwenye kasri la Gyeongbokgung. Walilenga nguo za kukodi zenye waya ndani ya gagulo na utepe wa kufungia mgongoni. Waya hata mimi siutaki, kwa sababu unaua mwanguko wa kitambaa. Ila anayesema kugeuza hanbok ni kuiharibu, aipime jeogori ya Goguryeo na ile ya karne ya 19, kisha aseme ipi ndiyo halisi. Ninachoshikilia ni kola: ipishane kifuani, na utepe mweupe wa shingoni uwe wa kubandua, uchafukapo ubadilishwe bila kugusa nguo.

Julai 2022 serikali ya Korea Kusini iliuweka utamaduni wa kushona na kuvaa hanbok kwenye orodha ya urithi wa taifa. Hakutajwa fundi wala kikundi chochote kuwa mwenye urithi huo, kwa kuwa ni wa watu wote.