Wafumaji Waliojua Majani ya Porini
Mwanzoni mwa karne ya 19, vijiji vya jirani na Manchester, Uingereza, vilikuwa na wafumaji walioitambua mimea ya porini kwa majina ya Kilatini. John Horsefield wa Prestwich alibandika orodha ya makundi 24 ya mimea yaliyopangwa na mtaalamu Linnaeus kwenye mtambo wake wa kufumia, akayakariri huku kazi ikiendelea.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yao. Walikutana baa, kila mtu na alichochuma, meza ikajaa majani na maua. Mwenyekiti alichukua mmea mmoja, akampa wa kushotoni kwake na kumtajia jina. Huyo naye akampa wa pili, mmea pamoja na jina, mpaka ukazunguka chumba kizima. Hata asiyejua kusoma vizuri aliondoka na kitu. Michango yao ilinunua vitabu ambavyo mfumaji peke yake asingevimudu.

Na walikuwa wajuzi kwelikweli! Edward Hobson, mfanyakazi wa kawaida wa Manchester, mwaka 1818 alianza kutoa mkusanyo wa kuvumwani halisi zilizokaushwa, na William Hooker, mtaalamu mkubwa wa mimea, aliandikiana naye barua.

Zaidi ya karne moja baadaye, atlasi ya mimea ya Uingereza ya mwaka 1962 nayo ilitegemea watu wa kujitolea, waliopita nchi nzima mraba kwa mraba, kila mraba kilomita 10 kwa 10.