Saa Inayoadibishwa na Setilaiti

Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, ilibeba mtambo wa kwanza wa redio za ridhaa kuwekwa katika obiti inayoonekana kusimama mahali pamoja juu ya ikweta. Iko karibu nyuzi 26 mashariki, kwa hiyo Dar es Salaam na Muscat zote zinaiona. Ishara zake hushuka kwa megahezi 10,489 na ushei. Kwenye masafa makubwa kiasi hicho, fuwele inayokosea kwa sehemu moja tu katika milioni humpoteza msikilizaji kwa kilohezi 10, ilhali mazungumzo yenyewe yanatosha ndani ya kilohezi 3. Ndiyo maana wapenzi wengi wa redio wana kijisanduku chenye vitu viwili: fuwele ya kwatsi iliyofungiwa katika kijitanuri, ikitetemeka mara milioni 10 kwa sekunde, na kipokezi cha GPS cha kuirekebisha.

Kiitweje? Istilahi ya Kiingereza, "GPS-disciplined oscillator", ina asili yake katika neno la Kilatini discipulus, yaani mwanafunzi. Kishawishi cha kwanza ni kuandika "saa inayoongozwa", lakini anayeongozwa hufuata kila hatua ya kiongozi, na saa hii ikifanya hivyo itaharibika. "Inayorekebishwa" nayo haitoshi, maana hata saa ya ukutani hurekebishwa mara moja ikasahauliwa. Kuna pia kurudi kwa wazee wa pwani, kule kwa kumrudi mtoto. Ni tamu, ila "saa inayorudiwa" itamfanya fundi adhani kuna jambo linafanywa mara ya pili. Kuadibisha kunafaa zaidi. Ni kumwelekeza mwenye akili zake, kwa kiasi na kwa muda mrefu.

Hesabu zinaunga mkono neno hilo. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, zina saa za atomu, na kipokezi hutoa mpigo mmoja kila sekunde. Mpigo huo huyumba kwa nanosekunde 10 hivi, pengine zaidi. Ukipimwa kwa sekunde moja, huo ni upotofu wa sehemu moja katika milioni 100, na fuwele nzuri huwa tulivu kuliko hapo mara elfu. Ukipimwa kwa siku nzima, nanosekunde zile zile ni karibu sehemu moja katika trilioni 10, na hapo fuwele inayozeeka haioni ndani. Mpaka kati ya hayo mawili unaweza kuitwa muda wa subira: sekunde mia kadhaa, au maelfu kama fuwele ni bora.

Saa ya nyumbani inapoyumba, muda huo ndio wa kwanza kutazamwa. Ukiwa mfupi mno, fuwele huburutwa na kelele za mpigo na kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa peke yake. Jaribio ni jepesi: marekebisho yakatwe, kisha fuwele ilinganishwe na saa nyingine, ya rubidi kwa mfano. Ikitulia, mkosaji ni mwalimu, yaani GPS, au namna anavyoadibisha. Isipotulia, chunguza umeme unaoilisha, au muda uliopita tangu iwashwe; nyingi zilitolewa kwenye minara ya simu zikakaa ghalani, na huhitaji siku kadhaa, hata majuma, bila kuzimwa.

Ushahidi bora zaidi uko kwenye volti ya udhibiti, ile inayoivuta fuwele huku na huku. Iandikwe na kompyuta kwa wiki mbili. Ikipanda na kushuka kila siku wakati ule ule, joto ndilo: jua la dirishani, feni, kiyoyozi. Boksi la kadibodi juu ya kifaa husaidia kuliko inavyodhaniwa. Lakini wimbi likiwahi kwa dakika nne kila siku, hadi wiki mbili baadaye limewahi kwa karibu saa nzima, joto halina hatia. Setilaiti za GPS hurudia mpangilio wao angani kila baada ya saa 23 na dakika 56, na kinachofuata ratiba hiyo ni ishara zinazogonga paa la bati au ukuta wa jirani na kuifikia antena zikiwa zimechelewa. Antena ipandishwe juu ya paa, na kipokezi kiamriwe kupuuza setilaiti zilizo karibu na upeo wa macho.

Wakazi wa ikweta wana mkosaji wa ziada. Baada ya jua kuchwa, hasa karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua limechachamaa, tabaka la ayonosfia huchafuka na kuzifanya ishara zimetemete, hata kukatika, hadi karibu na usiku wa manane. Nairobi huliona hilo kuliko London. Kuhamisha antena hakusaidii. Inatakiwa fuwele inayoweza kujitegemea kwa saa chache.

Na mwalimu naye hukosea. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kongwe ya GPS ilipoondolewa kazini, baadhi ya zilizobaki zilitangaza takwimu mbovu, na vifaa vilivyozitumia kukokotoa saa ya dunia vikapotoka kwa mikrosekunde 13 na ushei. Vipokezi vingi vya siku hizi husikiliza pia mifumo ya Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, hivyo fundi mwenye viwili anaweza kukipa kila kimoja mfumo wake na kulinganisha mipigo yao.