Zanzibar: Beit al-Ajaib na swali la nani anayelitunza jengo la umma

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba linaloitazama bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Wakati huo jumba lilikuwa katika ukarabati uliogharamiwa na serikali ya Oman. Dalili za hatari zilikuwa zimeonekana miaka mingi kabla: mwaka 2012 sehemu ya varanda zake ilianguka, na mwaka 2015 kipande cha paa kikafuata. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambayo iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ilikwisha kueleza wasiwasi wake juu ya jumba hilo zaidi ya mara moja.

Kwa nini jengo ambalo kila mtu alijua kwamba ni bovu, na ambalo kila mtu alilipenda, liliachwa kufikia hapo? Swali hilo ni la fani inayoitwa usimamizi wa majengo. Wengi huidhani kuwa kazi ya fagio, balbu na mlinzi wa mlangoni. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilipotoa mwaka 2018 kiwango chake cha fani hiyo, ISO 41001, liliiweka sura ya uongozi na sura ya mipango mbele ya sura ya utekelezaji. Mpangilio huo una maana. Fundi hawezi kuziba paa ambalo hakuna mkubwa aliyeamua, tangu mwaka uliotangulia, kwamba litatengewa fedha.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, liwe jumba la sherehe na mapokezi. Jina lake linahusishwa na mambo mapya yaliyowashangaza watu, hasa taa za umeme na lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mabomu majumba ya kifalme ya ufukweni katika vita vilivyomalizika kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, liliharibiwa kabisa; Beit al-Ajaib lilinusurika, na katika matengenezo yaliyofuata likapewa mnara wa saa usoni pake. Kuanzia mwaka 1911 likawa ofisi za utawala wa Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Ndani yake uliwekwa mtepe, chombo cha kale cha pwani kinachoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, uliojengwa upya kwa ukubwa wake halisi.

Katika orodha hiyo watumiaji wanaonekana wazi. Mtunzaji ni vigumu kumwona. Kila utawala uliingia na shughuli yake, na shughuli ilipobadilika, kumbukumbu za jengo, kama vile wapi pamewahi kuvuja, ukuta upi umewahi kupasuka na nani alizibua nini, hazikuwa na njia ya uhakika ya kuhamia kwa mpangaji mpya.

Kumbukumbu hizo si jambo dogo kwa jengo la aina hii. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya mji huo ni vyembamba na virefu. Mafundi wa Barghash walitaka kumbi pana na varanda za kuzunguka jumba zima, wakaongeza nguzo na mihimili ya chuma. Hapo vitu viwili vyenye tabia tofauti vikaoanishwa. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa tena kwa kupumua. Ukipakwa saruji ngumu juu yake, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kumomonyoka pasipoonekana. Chuma nacho, katika upepo wa chumvi wa baharini, hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua kila kinachoizunguka. Boriti huoza kwanza pale kichwa chake kilipozamishwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Ikiwa mfereji wa paa umeziba kwa majani, maji hupata njia ya kuyafikia yote matatu kwa pamoja. Kuuzibua ni kazi ya mtu mmoja mwenye ngazi, kwa asubuhi moja. Ukiachwa kwa misimu kumi ya mvua, kazi inayobaki ni ya wahandisi na mamilioni ya fedha za kigeni.

Wasimamizi wa majengo huziita njia hizo mbili matengenezo kinga na matengenezo ya dharura. Ya kwanza ni nafuu, lakini kisiasa haina mvuto. Mfadhili na waziri hufurahia kukata utepe wa jengo lililokarabatiwa. Hakuna anayekata utepe wa mfereji uliozibuliwa. Ndiyo maana mpango mkakati wa jengo huandikwa kwa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya muhula wa kiongozi yeyote. Ndani yake huwamo daftari la kila sehemu ya jengo na umri wake, ripoti ya ukaguzi inayosema kipi kitangulie, na fungu la matengenezo ambalo haliruhusiwi kuhamishiwa matumizi mengine mwaka unapokuwa mgumu. Kipengele cha mwisho ndicho kinachohitaji uongozi wenye uti wa mgongo, kwa kuwa fungu la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa: likikatwa leo, hakuna kinachoanguka kesho.

Mfano tofauti uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, kando ya barabara ya Mizingani. Jengo linalojulikana kama Zahanati ya Zamani, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kulikarabati katika miaka ya 1990 na kulifungua upya kama kituo cha utamaduni. Ni jengo dogo kuliko Beit al-Ajaib, na si haki kuyalinganisha kwa kila jambo.

Nchini Kenya, njia iliyochukuliwa kwa jengo la KICC la Nairobi ilikuwa ya kisheria. Jengo hilo, lililofunguliwa mwaka 1973, lilikuwa mikononi mwa chama cha KANU hadi serikali ilipolichukua mwaka 2003. Mwaka uliofuata likaundiwa shirika lake la umma, lenye bodi na mapato ya kumbi na ofisi za kukodisha. Shirika haliondoi ubovu, lakini lifti ikikwama, mlango wa kubisha hodi unajulikana.

Wasikilizaji wa Bujumbura walioshuhudia soko kuu likiungua tarehe 27 Januari 2013 hawahitaji kuelezwa kwamba jengo la umma likipotea, riziki hupotea nalo. Zanzibar, Beit al-Ajaib lilikuwa sura ya mji kwa kila anayeingia kwa bahari, na kazi ya waongozaji wa watalii, wahifadhi na mafundi wa chokaa ilizunguka pale.

Kulijenga upya jumba hilo ni suala la fedha na uhandisi. Masuala ya usimamizi yanahitaji majibu kabla ya jiwe la mwisho kuwekwa: ofisi ipi itakuwa na funguo na lawama kwa pamoja, kiasi gani cha kiingilio cha wageni kitabaki kwa ajili ya jengo lenyewe, na nani atapanda juu ya paa. Kwa hali ya hewa ya visiwa hivyo, ukaguzi wa paa hufaa kufanywa mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, yanayoanza Machi, na kabla ya vuli, inayoanza Oktoba.