Kabla ya jiwe la kwanza: mambo ya kuamua mapema tunapojenga kanisa, shule au kituo cha afya

Parokia ikisha kupata parseli, haraka yetu sote ni ile ile: kuita fundi, kutangaza matoleo, kuweka jiwe la kwanza mbele ya wageni. Halafu msingi unafika usawa wa ardhi na pesa zimekwisha. Majengo ya namna hiyo, majani yameota katikati ya kuta, tumeyaona kuanzia Beni hadi Uvira. Si umaskini wa waamini peke yake unaoyasimamisha. Mara nyingi kuna mambo ambayo yangeamuliwa kwa wiki chache, kwa karatasi na jembe, yakaachwa hadi simenti ilipokwisha kununuliwa.

Karatasi inatangulia. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi haitoshi, hata muuzaji akiwa mkristo mwenzetu. Cheti kiandikwe kwa jina la kanisa linalotambuliwa na sheria, si la mchungaji wala la mzee aliyejitolea. Mzee akifa, watoto wake ndio warithi. Kwa kuwa kanisa ni shirika, linapata mkataba wa muda, hadi miaka 25, ambao unaweza kufanywa upya. Tarehe ya mwisho iandikwe mahali ambapo kamati itakayofuata itaiona.

Halafu udongo. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo sisi wenyewe tulipopata hasara. Parseli yetu ilikuwa tambarare, nasi tulishukuru kuipata hivyo katika mji wa vilima. Hakuna aliyeuliza kwa nini iko tambarare. Kumbe mwenyewe wa zamani alikuwa ameijaza udongo na takataka upande wa chini. Msimu wa pili wa mvua, ukuta wa upande huo ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kuingiza vidole viwili. Kubomoa na kujenga tena kulikula matoleo ya karibu mwaka mzima, na wamama waliokuwa wamebeba mawe kichwani waliyabeba mara ya pili.

Mashimo matano yangetuambia: moja kila kona na moja katikati, ya mita 1,5 hadi 2. Vijana wanayachimba kwa salongo ya siku mbili. Mkikuta mifuko ya plastiki, majivu au vipande vya matofali, huo ni udongo wa kujaza. Msingi ushuke mpaka udongo ambao haujawahi kuguswa. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi unavimba wakati wa mvua: hapo aitwe enjenyeri kabla ya kuchora. Goma hesabu ni nyingine. Lava inabeba ukuta vizuri, ijapokuwa mara nyingine inaficha pango chini yake, lakini shimo la choo linachimbwa kwa nyundo na kwa siku nyingi. Kwa hiyo huko mahali pa choo panaamuliwa kwanza, na gharama yake inaingia katika devi tangu mwanzo.

Maji nayo yana hesabu. Paa la mita 10 kwa 25 linapokea lita 10 000 mvua ya milimita 40 ikinyesha. Katika mteremko wa Bukavu, maji hayo yakiachwa yatakula msingi wetu ama yataingia kwa jirani wa chini, naye atakuja mbele ya kamati akiwa na haki yake. Mfereji na tangi vichorwe pamoja na nyumba. Karibu na mto, waulizwe wenyeji maji yalifika wapi. Uvira hawajasahau Aprili 2020, wakati Mulongwe ulipofurika.

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya Rwanda Jumapili asubuhi, saa ya ibada. Ndiyo sababu hatukubali kukata mkanda wa betoni yenye vyuma, ule mafundi wanaouita shenaji, juu ya msingi na juu ya kuta. Devi ikizidi nguvu zenu, punguzeni urefu wa nyumba, si chuma.

Vipimo vya paa vianzie dukani. Bati la kawaida lina mita 3. Mawili yakilaliana sentimita 20 yanafunika mita 5,80. Mchoraji akiandika mita 6,20, kila mstari unadai kipande cha tatu. Kwa nyumba ya mita 25, bati likifunika sentimita 80, ni vipande 32 kila upande, 64 kwa jumla, pamoja na mbao, misumari na maungio mengine ambapo maji yataingia. Kufuta sentimita 40 kwenye karatasi hakuhitaji hata franga moja.

Mawe, mchanga na mbao vinaweza kukusanywa polepole, kadiri waamini wanavyotoa, na ni vizuri vifike kabla mvua haijaharibu njia. Simenti haingoji. Ikikaa miezi mitatu katika depo yenye unyevu inapoteza nguvu, hata ikiwa mfuko haujafunguliwa. Inunuliwe wiki ya kazi. Kamati inaweza pia kuhakikisha hesabu ya fundi: metakibu moja ya betoni ya nguzo inachukua kilo 350, yaani mifuko 7 ya kilo 50.

Pesa zikiwa za nusu, msieneze msingi wa madarasa sita. Anzeni Juni, mjenge mawili, myaezeke kabisa, mkiacha vyuma vya kuunganishia upande wa tatu. Septemba watoto wanaingia humo.