Nyuzinyuzi za chakula: Kwa nini si kila tumbo hunufaika sawa

KATIKA Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Kisiwa cha Unguja, wanawake huteremka pwani maji yanapokupwa na kuhudumia mashamba yao ya mwani. Sehemu kubwa ya zao hilo, ambalo kilimo chake cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, hukaushwa na kuuzwa nje, ambako hutolewa karajinani, utomvu unaotumika kuongeza uzito wa aiskrimu na dawa ya meno.

Utomvu huo ni aina mojawapo ya nyuzinyuzi, na mwani unasaidia kujibu swali linalowasumbua wengi: kwa nini chakula kinachomlainishia mtu mmoja choo humjaza mwingine gesi?

Nyuzinyuzi, ambazo huitwa pia makapi mlo, ni sehemu ya mimea ambayo vimeng’enya vya mwili wa binadamu haviwezi kuisaga. Hupita katika utumbo mwembamba na kufika utumbo mpana, wanamoishi matrilioni ya bakteria. Baadhi ya bakteria hao huzichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Uchachuaji huohuo ndio unaozalisha gesi.

Hata hivyo, kila aina ya nyuzinyuzi huhitaji bakteria wenye vimeng’enya vinavyoiweza, na bakteria hao hutofautiana baina ya mtu na mtu.

Mwaka 2010, watafiti nchini Ufaransa walieleza katika jarida la Nature kuwa bakteria wa matumboni mwa baadhi ya Wajapani wana jeni za kusaga mwani aina ya nori, zilizotoka kwa bakteria wa baharini. Jeni hizo hazikuonekana kwa watu wa Amerika Kaskazini waliolinganishwa nao. Nyuzinyuzi za nori si sawa na za mwani unaolimwa Unguja, hivyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Chwaka moja kwa moja.

Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa watu mkate wa shayiri kwa siku tatu. Baadhi yao walidhibiti vizuri zaidi sukari ya damu, wengine hawakubadilika. Walionufaika walikuwa na bakteria wengi zaidi wa kundi la Prevotella.

Tofauti hizo si za kudumu. Utafiti wa mwaka 2017 miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa baadhi ya bakteria hupungua msimu mmoja na kurejea mwingine, kwa kufuata chakula kinachopatikana porini.

Vipo vipimo vya choo vinavyouzwa kwa ahadi ya kumpangia kila mtu mlo wake, lakini ushahidi bado hautoshi kuvifanya msingi wa ushauri wa lishe. Njia ya uhakika zaidi ni kujipima kwa sahani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Asiyezizoea aanze na aina moja, kama vile choroko, kwa kiasi kidogo, aongeze polepole kwa wiki moja au mbili na anywe maji ya kutosha. Ikimletea gesi nyingi, apunguze au ajaribu nyingine: mbaazi, kisamvu, shelisheli, ndizi mbichi zilizopikwa au viazi vilivyopoa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza sukari zinazosababisha gesi.

Kuacha nyuzinyuzi zote kwa sababu ya aina moja ni kosa, kwani bakteria wanaozitegemea nao hupungua.

Mwenye damu katika choo, anayekonda bila sababu au mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha asitafute tiba katika chakula pekee, bali amwone daktari mapema.